Nitajieni riwaya za mapenzi ya wanaume wawili ambazo mwishoni hakuna anayezikwa

SomaPolepole

Wakuu, habari za jioni.

Tangu Januari nimesoma riwaya tano za mapenzi kati ya mwanamume na mwanamume. Katika nne, mmoja wa wapenzi kafa. Katika ya tano hakufa mtu, ila mmoja kaenda kuoa na mwenzake kabaki na kumbukumbu za kiangazi kimoja. Nimechoka. Kila nikifunga kitabu najiona kama natoka matangani.

Ombi langu: nitajieni riwaya ambazo wanaume wawili wanapendana, wanahangaika (lazima wahangaike, la sivyo hakuna cha kusoma), halafu ukurasa wa mwisho ukifika wote wawili wanapumua na wako pamoja. Na ziwe nzuri kweli. Sitaki kitabu kinachoisha kwa furaha kwa sababu mwandishi alikuwa na haraka ya kwenda kulala.

Masharti ni mawili tu. Uzi unahusu miisho, kwa hiyo miisho itatajwa. Asiyependa kuharibiwa utamu aruke. Pili, mambo ya dini na sheria yana nyuzi zake na zimejaa. Hapa ni vitabu.

Nafungua mimi na Maurice ya E. M. Forster.

Forster aliiandika mwaka 1913 na 1914, tayari akiwa mwandishi mwenye jina, kisha akaifungia ndani. Marafiki waliionja. Yeye akawa anaitoa, anairekebisha, anairudisha. Ikachapishwa 1971, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Watu husema aliificha kwa sababu ya mada. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Mwaka 1960 aliandika maelezo yanayokaa mwishoni mwa kitabu, na humo anasema kilichoikwamisha ni furaha yake. Angemwacha kijana ananing'inia kwenye kamba, au wapenzi wakapatana kujiua pamoja, mambo yangekuwa shwari. Kosa ni kwamba aliwaacha hai na hakuwaadhibu. Sheria ya Uingereza ilikuwa inafunga watu kwa jambo hilo, na ilipolegezwa mwaka 1967 mzee alikuwa na miaka 88.

Ninachompendea Maurice Hall ni kwamba si mwerevu. Ni kijana wa kawaida, wa familia ya hela kiasi, anayefikiri polepole kama mimi. Akiwa Cambridge anakutana na Clive Durham, mwenye akili nyingi, msomaji wa Wagiriki, na Clive ndiye anayetamka mapenzi kwanza. Ila Clive anataka mapenzi ya rohoni tu, kwa adabu, kama kikombe cha kabatini ambacho hakinywewi chai. Miaka inapita hivyo, kisha Clive anatangaza kwamba amebadilika, anaoa, na anamtaka Maurice awe rafiki wa familia. Maurice anakwenda kwa daktari, anafukuzwa na jibu la kipuuzi. Anakwenda kwa mtu wa kumlaza usingizi ili amtoe "ugonjwa". Halafu, nyumbani kwa huyohuyo Clive, usiku mmoja mlinzi wa mawindo wa shamba, Alec Scudder, anapanda ngazi na kuingia dirishani.

Hapo ndipo kitabu kinapoanza kuchemka, kwa sababu hawa wawili hawaaminiani hata kidogo. Mmoja tajiri, mwingine mtumishi. Alec anamtishia. Wanakutana London katika jumba la makumbusho, wanavutana kama watu wanaodaiana, na huku hakuna anayeweza kuondoka. Mwisho wake sitausema wote. Nasema tu kuna meli ya kwenda Argentina, na kuna banda la mashua.

Haya, tupieni.

ChaiNaRiwaya

Nimeweka kambi, nimekuja na kikombe changu.

Mkuu, hiyo ya "kikombe cha kabatini" nimecheka nikakumbuka kabati la sebuleni kwa shangazi yangu.

Mimi nakupa Less ya Andrew Sean Greer. Ilitoka 2017 na mwaka uliofuata ikachukua tuzo ya Pulitzer, jambo lililoshangaza wengi kwa sababu ni kitabu cha kuchekesha, na tuzo hizo hupenda vitabu vya kununa. Arthur Less ni mwandishi asiyesomwa sana, anakaribia kutimiza miaka 50, na kijana aliyekuwa naye kwa miaka tisa anaoana na mwanamume mwingine. Kadi ya mwaliko imefika. Akienda, aibu. Asipoenda, watasema kaumia. Kwa hiyo anakubali kila mwaliko wa kikazi uliokuwa mezani kwake duniani kote ili awe na udhuru: Mexico, Italia, Ujerumani, Moroko, India, Japani. Kakimbia arusi moja kwa kuzunguka dunia!

Ujerumani ndipo nilipolia kwa kicheko. Anaamini Kijerumani chake ni safi, kumbe kila anachosema kinatoka kimepinda, na Greer anatuwekea maneno yake kama Wajerumani wanavyoyasikia. Aliyewahi kusikia mtu akiongea Kiswahili cha kitabuni na huku kakosea ngeli zote atamwelewa.

Kitabu chote kinasimuliwa na mtu anayesema "mimi" mara chache sana, na unajiuliza huyu ni nani anayemjua Less hivi. Jibu lipo kurasa za mwisho. Hilo silisemi hata kwa fimbo. Hakuna anayekufa kati ya wale unaowaogopea.

SomaPolepole

ChaiNaRiwaya, nimeiandika. Mtu wa miaka 50 kwenye riwaya ya mapenzi! Mimi nilidhani ukishavuka 30 unapewa nafasi ya mjomba tu.

Mpwani_wa_Kale

Yakhe, umeanza vizuri lakini umeacha mlima. Mbona hakuna aliyetaja The Song of Achilles ya Madeline Miller? Ilimchukua miaka kumi kuiandika, ikatoka 2011, na 2012 ikapata tuzo ya Orange, ile ya riwaya za waandishi wanawake kule Uingereza. Patroclus ndiye msimulizi. Mtoto wa mfalme aliyefukuzwa kwao, hana nguvu, hana sifa, analelewa nyumba moja na Achilles ambaye miungu yenyewe inamtazama. Kiingereza chake kinakwenda kama mashairi ya watu wazima.

ChaiNaRiwaya

Mpwani, soma kichwa cha uzi tena. Hakuna anayezikwa. Sasa hao wawili wanaishia wapi kama si kaburini?

Mpwani_wa_Kale

Wanaishia pamoja kaburini! Si umesema "wako pamoja"?

SomaPolepole

Nilisema wanapumua, mzee wangu.

Mpwani_wa_Kale

Haya, nimeshindwa kwa kifungu. Lakini niacheni niseme moja kisha ninyamaze. Kila anayefungua kitabu kile anajua watakufa. Homer, mshairi wa Wagiriki wa kale, keshasema miaka elfu mbili na zaidi iliyopita. Katika utenzi wake Iliad, kitabu cha 23, roho ya Patroclus inamjia Achilles usingizini na kumwomba mifupa yao itiwe chombo kimoja cha dhahabu. Miller hakuwaua yeye, aliwakuta wameshauawa. Alichofanya ni kuchukua ombi lile la mifupa na kuuliza: watu gani hao wanaoombana hivi? Halafu akaandika maisha yaliyotangulia. Kwangu mimi hilo ni tofauti na mwandishi anayemtengeneza kijana mzuri, akamlisha, akamvisha, akamtupa chini ya gari sura ya mwisho ili sisi wasomaji tujione tuna huruma.

Na kurasa mbili za mwisho, baada ya kaburi, zina furaha kuliko arusi nyingi nilizokula pilau yake. Nimenyamaza.

SomaPolepole

Hoja nimeipokea. Nakufungulia chumba cha uani cha uzi huu: "waliokufa lakini tunawasamehe."

Mbishi_Halali

Mmekosa vitabu vya kusoma mpaka mmefikia huku? Dunia inakwisha.

SomaPolepole

Karibu mkuu. Una riwaya ya kupendekeza kabla haijakwisha?

Theluji_na_Ugali

Habari kutoka baridi, wadau. Huku niliko maktaba ya umma inanikopesha vitabu kwenye simu, na nilipokuwa mgeni niliazima kwa aibu, nikidhani kuna mtu anahesabu nimechukua nini. Hakuna anayehesabu. Sasa nasoma kwenye basi kweupe.

Kwa kuanza, chakula chepesi: Red, White & Royal Blue ya Casey McQuiston, 2019. Mama ni rais wa Marekani, mwanawe Alex hampatani na mwanamfalme Henry wa Uingereza, wanaangukia keki kwenye arusi ya kifalme, na ili kuficha aibu wanalazimishwa kujifanya marafiki mbele ya kamera. Mnajua yaliyobaki. Ni keki yenyewe, sukari nyingi, lakini barua pepe wanazoandikiana usiku ni za watu waliosoma. Ilitengenezwa filamu 2023. Someni kitabu kwanza.

Chakula kizito sasa: The Charioteer ya Mary Renault. 1953. Vita Kuu ya Pili, Uingereza. Laurie ni askari aliyevunjwa goti Dunkirk, amelazwa hospitali. Humo anampenda Andrew, kijana aliyekataa kupigana kwa sababu ya imani yake na sasa anapiga deki wodini. Andrew hajijui, na Laurie anaapa kutomwamsha. Halafu anatokea Ralph, kaka mkuu wa zamani wa shule yao, baharia mwenye mkono ulioharibiwa vitani, anayejijua vizuri mno. Laurie yuko katikati. Jina la kitabu linatoka kwa Plato, yule mwendesha gari la farasi wawili, mmoja mtulivu na mmoja mkaidi, na wote wawili lazima wavute gari moja.

Renault alisomea uuguzi, na wodi zake zinanuka dawa kweli: saa za kubadili bandeji, sista mkali, redio inayosikilizwa na wote. Huko mafunzoni alikutana na muuguzi mwenzake, Julie Mullard, na mwaka 1948 wakahamia Afrika Kusini, wakaishi pamoja mpaka Renault alipofariki 1983. Wachapishaji wa Marekani waliikwepa riwaya hii mpaka 1959. Onyo moja: anaandika kwa mafumbo. Kuna mambo yanatokea katikati ya sentensi mbili na usipokuwa makini unapita bila kuyaona. Mimi nililazimika kurudi nyuma mara tatu kuuliza, je, wamebusiana hawa?

Mwisho? Wote hai. Wawili kati ya watatu wako chumba kimoja. Furaha yake ni ya watu waliochoka, nayo naipenda hivyo.

Usiku_wa_Nairobi

Mko sawa wadau? Nimesoma pale juu Forster anasema kosa lilikuwa mwisho wa furaha, nikasimama kabisa, kwa sababu sisi hapa tuliyaona hayo kwa macho yetu.

Mnakumbuka Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu, 2018. Ni ya wasichana wawili, si wanaume, lakini nivumilieni. Filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kuonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Bodi ya filamu nyumbani ikaipiga marufuku. Na Kahiu alieleza kwamba aliambiwa abadilishe mwisho: ulikuwa na matumaini mno, wahusika waonekane kujuta. Akakataa. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ikasimamisha marufuku kwa siku saba, watu wakajaa kumbi. Sasa linganisha, kutoka 1914 mpaka 2018 ni miaka 104, nchi mbili, bahari katikati, na bado ugomvi uko kwenye dakika tano za mwisho. Wapendane, sawa. Wafe, sawa zaidi. Wabaki wakitabasamu? Hapana.

Filamu ilitokana na hadithi fupi ya Mganda, Monica Arac de Nyeko, "Jambula Tree", iliyoshinda tuzo ya Caine, ile ya hadithi fupi za Kiafrika, mwaka 2007. Isomeni, ni fupi, unaimaliza kabla ugali haujaiva. Imeandikwa kama barua ya Anyango kwa Sanyu, na mtaa mzima uko humo, majirani wenye midomo kuliko wote. Jambula yenyewe ni zambarau, ule mti wetu wa kuchafua mashati ya shule. Kwa miaka nimekula zambarau bila kufikiria chochote. Sasa siwezi.

ChaiNaRiwaya

Usiku_wa_Nairobi umenitia baridi mgongoni. Kwa hiyo ombi la SomaPolepole, ambalo mimi nililiona kama la mtu anayetaka kujiliwaza tu, ndilo lenyewe lililokuwa linakatazwa.

Waandishi wa riwaya za mapenzi wa Marekani wana maelezo yao ya fani hii: hadithi ya mapenzi iwe ndiyo kiini, na mwisho uridhishe moyo na uwe na matumaini. Wahakiki huwacheka kwa hilo. Nadhani sitawacheka tena.

Mama_wa_Episodi

Mimi si wa vitabu vya Wazungu wanaonyeshewa mvua. Nilianzia kwenye tamthilia za Kichina nikaishia kwenye vitabu. Ile The Untamed ya 2019 niliiona yote, sehemu 50, nikagundua kwamba "urafiki" ule wa kwenye skrini, kitabuni ni mapenzi kamili. Kitabu ni cha Mo Xiang Tong Xiu, Kiingereza chake kina juzuu tano na jina lake ni Grandmaster of Demonic Cultivation. Wei Wuxian keshakufa ukurasa wa kwanza (Mpwani utafurahi), anarudi baada ya miaka 13 katika mwili wa mtu mwingine, na Lan Wangji, mtu wa maneno machache kuliko wote duniani, anamtambua.

Lakini cha moyoni ni Heaven Official's Blessing, wa mwandishi huyohuyo, juzuu nane. Xie Lian ni mwanamfalme aliyepaa mbinguni kuwa mungu mara tatu na kuangushwa mara mbili, sasa anaokota takataka ili ale. Anaye mtu aliyemngoja miaka 800. Mia nane! Na wewe ujumbe ukikaa saa mbili bila kujibiwa unafuta namba.

Wanaishia pamoja. Ukinunua juzuu ya kwanza jua umeingia ndoa.

SomaPolepole

Juzuu nane, dada yangu, mimi jina langu ni SomaPolepole.

Mama_wa_Episodi

Yeye kangoja miaka 800, wewe juzuu nane zinakushinda.

Kijana_wa_Kariakoo

Nasomaga kimya kimya humu, leo nimeingia rasmi. Nina swali na pendekezo.

Pendekezo: The House in the Cerulean Sea ya TJ Klune, 2020. Linus Baker ana miaka 40, ni karani wa idara inayosimamia watoto wenye nguvu za ajabu, kila siku mvua inamkuta hana mwavuli, nyumbani ana paka anayemdharau. Anatumwa kisiwani kukagua kituo cha watoto sita. Mmoja ni mtoto wa Ibilisi, wa miaka sita. Mwingine, Chauncey, hata haijulikani ni kiumbe gani, na ndoto yake ya maisha ni kubeba mizigo ya wageni hotelini. Mlezi wao ni Arthur Parnassus. Mapenzi yanaingia polepole sana, kama chai inavyotia rangi maji. Kuna wanaosema ni tamu kupita kiasi. Kweli ni tamu. Nilikuwa na wiki mbaya, niliihitaji.

Swali: kuna cha Afrika, cha wanaume, kinachoisha vizuri?

Usiku_wa_Nairobi

Hapo ndipo pagumu. Nikupe nilivyosoma.

Walking with Shadows ya Jude Dibia, Nigeria, 2005. Huyu alitangulia njia. Adrian ana mke, mtoto na kazi nzuri Lagos, na mtu wa ofisini anaitoa siri yake. Ni riwaya ya ndoa inayopasuka kuliko ya mapenzi, lakini mwishoni mtu hajiui wala haombi radhi, na kwa mwaka ule hilo lilikuwa kubwa.

Blessings ya Chukwuebuka Ibeh, 2024. Port Harcourt. Baba anamkuta mwanawe Obiefuna katika ukaribu na kijana anayejifunza kazi dukani kwao, anampeleka shule ya bweni ya seminari. Nusu ya kitabu ni mama yake, na kurasa za mama ndizo zilizonimaliza, kwa sababu anajua, na hajui aseme nini, na muda unamwishia. Imeandikwa kwa utulivu mkubwa. Sheria ya Nigeria ya 2014, ile ya kupiga marufuku ndoa za jinsia moja, inaingia humo kama jua linavyozama, huoni hasa dakika gani kumekuwa giza. Si ya kukuliwaza, lakini isome.

Na hadithi fupi za Diriye Osman, Fairytales for Lost Children, 2013. Msomali aliyepitia Nairobi akaishia London. Zina wanaume na wanawake, zina ucheshi, zina watu wanaofika.

Kinachoisha kwa wanaume wawili wakibishana kwa upole nani kasahau kuzima jiko, hapahapa kwetu, bado natafuta. Na kwa Kiswahili sijakiona.

Mpwani_wa_Kale

Kiswahili hakijaandika, lakini kimeimba. Sikilizeni taarabu. "Mpenzi", "mahabubu", "muhibu wangu", "umenitupa", "nakungoja". Nani huyo anayengojwa, mume au mke? Lugha haisemi. Mtu amekaa uani, chozi linamdondoka, na jirani yake hajui analia kwa ajili ya nani.

Bi_Kurasa

Mpwani umenitoa mafichoni. Nilikuwa napita tu.

Nina mama wa miaka 71. Macho yamechoka, hasomi tena, kwa hiyo jioni tunapochambua mchele namsimulia ninachosoma. Mwaka jana nilikuwa nasoma Maurice hiyohiyo aliyofungua nayo mwenye uzi. Nikajiambia namsimulia. Na kweli kama Mpwani alivyosema, Kiswahili kinakuachia njia pana. Alimpenda. Akamwandikia. Akamkataa. Hakuna pahala lugha inakukamata shati ikuulize nani wa kike, nani wa kiume. Nikamwita mmoja Hall, mwingine Durham, majina ambayo kwa mama hayana jinsia, tukaenda jioni mbili nzima bila tatizo.

Jioni ya tatu lugha ikanikamata. Durham anafunga ndoa. Kiswahili hapo hakina upole: ama umeoa ama umeolewa, chagua. Nikachagua. "Basi Durham akaoa."

Mama akaweka ungo chini. "Mshenzi. Kamchezea mtoto wa watu miaka yote hiyo, kisha kaenda kuoa kwingine."

Nikasema ndiyo.

"Na Hall wa watu akafanyaje?"

Nikamweleza ya daktari, ya yule wa kumlaza usingizi. Akakaa kimya kidogo. "Daktari wa nini? Kuachwa ni ugonjwa?" Nikaona siwezi kwenda mbele bila kusema, kwa sababu bila kusema, daktari hana maana. Nikamwambia, mama, Hall ni mwanamume.

Akaokota ungo. Akachambua. Akatoa mawe mawili, akayatazama, akayatupa. Mimi moyo uko kooni.

"Na huyo mlinzi uliyemtaja jana?"

"Naye mwanamume."

"Mm." Mchele ukaendelea. Nilidhani yamekwisha, nikaanza kuongea habari za bei ya mafuta. Akanikatiza: "Meli ishaondoka au bado?"

ChaiNaRiwaya

Bi Kurasa usituache hapo tafadhali.

Bi_Kurasa

Nilikuwa naepua maharage.

Nikamwambia meli imeondoka, Hall kaenda bandarini Southampton kumuaga mwenzake, akaona wazazi wake, akaona mizigo, yeye hayumo. Kaacha meli iende na nauli yake. Hall akajua yuko wapi, akarudi mpaka lile banda la mashua, akamkuta kalala. Kisha akaenda kwa Durham usiku kumwambia, naye Durham anaongea habari za kula chakula pamoja mjini, kugeuka hivi, Hall hayupo. Hawakuonekana tena. Waliingia katika misitu ya Uingereza. Basi, imeisha.

Mama hakupenda.

Si kwa hilo mnalofikiria. Akasema, "Huko msituni walikula nini?"

Nikamwambia kitabu hakisemi. Akasema kitabu hakijakamilika basi. Mmoja mtoto wa kitajiri, hajawahi kushika jembe, mwingine kaacha kazi bila barua, baridi yote ile, watakula mapenzi? Nikakumbuka nililosoma, kwamba Forster aliandika sura ya ziada ambapo dada yake Maurice anawakuta miaka baadaye wakiwa wakata miti, kisha akaiondoa.

"Kwa nini kaiondoa?"

"Aliona haifai."

"Angeiacha," akasema. "Wakata miti wana hela. Mtu anataka kujua."

Tangu siku hiyo kila nikianza kumsimulia kitabu anauliza kwanza wahusika wana kazi gani. Nimeuona uzi huu nikasema nitamchukulia kimoja. SomaPolepole, huyo Less wa ChaiNaRiwaya naona ni mwandishi asiyesomwa, hapo mama hatakubali. Karani wa Kijana wa Kariakoo ana mshahara wa mwezi?

Kijana_wa_Kariakoo

Anao, bi mkubwa. Miaka 17 kazini.

Bi_Kurasa

Basi leo jioni naanza na huyo.

SomaPolepole

Tunaomba mrejesho. Na mwambie Chauncey naye anatafuta kazi ya hoteli.